Mjomba, ninunue simu ya 5G au mashine ya ovaloki?

Shikamoo Mjomba,

Nimekuwa nikisoma safu yako kimyakimya muda mrefu, leo imebidi nami niandike. Mimi ni mshonaji. Nina chumba cha kazi nyuma ya nyumba, cherehani mbili, na binti mmoja anayejifunza kwangu. Wateja wengi wananipata kwa simu: nguo ikiisha naipiga picha, au narekodi video fupi mtu akizunguka nayo, naweka stetasi, watu wanaona, wanaagiza. Kwa hiyo simu kwangu si ya kuchati tu. Ndiyo duka langu.

Sasa simu yenyewe. Ina miaka minne. Kioo kimepasuka kona moja. Naichaji usiku mpaka inajaa, lakini ikifika saa saba mchana inalia chaji, na kuichaji kwenyewe mpaka uupinde waya na kuuegemeza kwenye kitu. Ukipita karibu tu, chaji imekatika. Kila siku inaniambia nafasi imejaa. Vitambaa vyekundu nikivipiga picha vinatoka kama vimeungua. Lakini kinachonikera kuliko vyote ni kutuma video. Jioni, wakati wateja wako huru, natuma video ya dakika moja, kile kiduara kinazunguka, naenda kuoga, narudi, bado kinazunguka. Cha ajabu, nikiamka alfajiri nikaituma ileile, inaondoka mara moja. Hata simu ya mume wangu, ambayo ni mpya kuliko yangu, jioni nayo inagandaganda.

Mdogo wangu wa kiume amenunua simu ya 5G. Alipokuja kututembelea alisimama dirishani akapima kasi, ikasoma 300 na ushei. Yangu, palepale, ilisoma 9. Mjomba, nilijisikia kana kwamba niliyepimwa ni mimi. Baadaye tulipoingia chumba changu cha kazi ile alama ya 5G ilipotea ikaja 4G, akasema ni kuta tu hizo. Anasema kamera yake ina megapikseli 200, na kwamba 4G iko njiani kuzimwa, simu kama yangu itabaki kuwa tochi. Amenitafutia na muuzaji anayekopesha: natanguliza kidogo, nalipa miezi 12, nikichelewa simu wanaifunga hukohuko waliko.

Pesa ninayo, ila si ya simu. Nimeikusanya karibu miaka miwili ninunue mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, maana sasa hivi kila nguo naipeleka kwa mwenzangu ikapigwe ovaloki, nalipia, na foleni juu. Mume wangu anasema mashine kwanza. Mdogo wangu anasema bila simu ya maana hiyo mashine utamshonea nani. Walibishana shemeji na shemeji mpaka wakaagana bila kucheka, na hadi leo hawajapigiana.

Na nikuambie lingine ambalo sijamwambia mtu. Mteja akiingia, simu naificha chini ya kitambaa.

Hii 5G ina ukweli, au ni kelele? Na hizi simu mpya zinazotoka kila mwaka?

Wako,
Mshonaji wa Njia Panda

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nunua ovaloki. Nimelitanguliza jibu ili mumeo apumue, na mdogo wako aanze kuninunia mapema. Yanayofuata ni maelezo.

Miaka niliyokaa nyuma ya meza ya ufundi simu nilizoea jambo moja: mteja huja na jina la ugonjwa mdomoni, na ugonjwa wenyewe anautaja kwa bahati tu, katikati ya maneno mengine. Nawe umeutaja. Video inayogoma jioni, alfajiri inaondoka mara moja. Simu ni ileile, nyumba ileile, video ileile. Kilichobadilika ni saa.

Mnara wa simu una masafa yake, yaani mawimbi unayorushia, yenye kikomo, na kila aliyeunganishwa nao kwa wakati huo anagawiwa humohumo. Alfajiri mko wachache, unachota unavyotaka. Jioni huyu anatazama mpira, yule anapiga simu ya video, watoto wako kwenye gemu, na wote ndoo zao ziko kwenye kisima kimoja. Tena nyuma ya mnara kuna njia inayoupeleka mzigo mbele, iwe faiba au mawimbi kutoka mnara hadi mnara, na njia hiyo ikiwa nyembamba, hata simu iliyotoka kiwandani jana itasubiri. Simu ya mumeo ni shahidi wako wa pili. Ni mpya kuliko yako na bado inaganda jioni. Ungenunua ya tatu, ingesimama foleni nyuma ya hizo mbili.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hupigwa changa la macho. Kile kipimo cha kasi huhesabu biti, na video yako inahesabiwa kwa baiti. Baiti moja ni biti nane. Chukulia video ya dakika moja ni megabaiti (MB) 100, ambayo kwa simu nyingi si mbali na ukweli ikiwa unarekodi kwa ubora wa 1080p. Hizo ni megabiti 800. Kasi ya kupakia, yaani ya kutuma, ikiwa megabiti 5 kwa sekunde, video itaondoka kwa sekunde 160, yaani chini ya dakika tatu. Ikishuka hadi 1, ni zaidi ya dakika 13. Hapo ndipo unapooga ukarudi. Kasi ikipanda hadi 50, ni sekunde 16.

Umeona nimesema kasi ya kupakia? Ile 300 ya mdogo wako na 9 yako ni kasi ya kupakua, yaani ya kupokea, tarakimu kubwa inayojitokeza katikati ya kioo ili ikufurahishe. Ya kupakia hukaa pembeni kwa maandishi madogo, na karibu kila mara huwa ndogo sana kuliko mwenzake, kwa sababu mitandao ilipangwa ikijua watu wengi hutazama kuliko wanavyotuma. Wewe ni mtumaji. Biashara yako inaishi kwenye ile namba ndogo ambayo hamkuisoma siku ile. Kwa kutazama, 9 yako haina ubaya: Netflix wenyewe wanashauri megabiti 5 kwa video ya 1080p na 15 kwa ile ya 4K, na 4K kwenye kioo cha kiganjani, kusema kweli, macho ya binadamu hayana cha kuifanyia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, fanya hivi kwa wiki moja. Pima alfajiri, mchana na saa mbili usiku. Andika namba zote mbili, ya kupakua na ya kupakia. Pima ukiwa chumba cha kazi na ukiwa nje. Kipimo chenyewe kinakula bando, kwa hiyo usikigeuze mchezo, mara tatu kwa siku yatosha. Kisha azima laini ya kampuni nyingine kwa jirani uitie kwenye simu hiyohiyo mbovu, upime tena jioni. Wapo watu waliobadilisha laini wakadhani wamebadilisha simu.

Sasa nije kwa mdogo wako, maana si mwongo. Ile 300 aliiona kweli. Ila kuna sababu mbili aliipata dirishani ikapotea chumbani, na zote anapaswa kuzijua kabla hajaanza kuhubiri.

Ya kwanza ni masafa. Jina ni moja, 5G, lakini ndani yake kuna mitandao mitatu yenye tabia tofauti. Kuna inayotembea kwenye masafa ya chini ya gigahezi 1: inafika mbali, inapenya kuta, na kasi yake haiachani sana na 4G iliyo nzuri. Kuna ya masafa ya kati, kwenye gigahezi 3.5 hivi: hiyo ndiyo inayotoa hizo 300, lakini zege na nondo zikisimama mbele inachoka haraka. Na kuna ya masafa ya juu, kuanzia gigahezi 24 kwenda mbele, yenye kasi ya kutisha kwa mita mia chache, ambayo jani la mti, kioo cha dirisha au hata kiganja chako ukiishika simu vibaya vinaweza kuizuia. Tangazo huchukua kasi ya hii ya tatu na ufikaji wa ile ya kwanza, likavifunga kwenye karatasi moja ya zawadi. Chumba chako cha kazi kiko nyuma ya nyumba. Hata ukiwa na simu ya mdogo wako, ukiwa kwenye cherehani utakuwa kwenye 4G.

Ya pili ni upweke. Mtandao mpya huwa na kasi kwa sababu una watu wachache. Barabara ikifunguliwa leo, gari la kwanza litapita kama mfalme. Subiri mtaa mzima ununue magari. Sisemi itarudi kuwa kama 4G, la, 5G ina uwezo wa kubeba wengi zaidi, huo ndio ubora wake wa kweli na ndio unaotangazwa kwa uchache. Nasema 300 ya leo usiihesabu kama mali yako ya mwaka kesho. Na kuna faida inayokujia bila kununua chochote: kila anayehamia 5G anakuachia nafasi kwenye 4G.

Kuhusu kelele zenyewe, zina historia. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilipoweka viwango vya kizazi hiki cha tano liliandika namba mbili. Moja ni gigabiti 20 kwa sekunde, kilele cha kupakua katika mazingira bora kabisa. Nyingine ni megabiti 100, kasi anayotakiwa kuionja mtumiaji wa kawaida akiwa katikati ya mji. Ya pili ni moja ya mia mbili ya ya kwanza. Bahatisha ni ipi iliyokwenda kwenye mabango.

Mitandao hii ilipoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2019, tuliambiwa madaktari sasa watapasua wagonjwa walio bara jingine. Nilicheka, kwa sababu jambo hilo lilikwisha fanyika. Septemba 2001 timu ya Profesa Jacques Marescaux, ikiwa New York, ilimtoa mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kibofu cha nyongo kwa kuongoza roboti kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Walitumia waya wa faiba uliotengwa kwa kazi hiyo. Wakati huo hata 3G ndiyo kwanza ilikuwa mbioni kuanza kule Japani. Mambo makubwa huhitaji njia ya uhakika, na mara nyingi njia hiyo ni waya uliochimbiwa ardhini, wala haihusiani na simu iliyo mfukoni mwako.

Hata ile alama juu ya kioo usiipe imani yote. Mapema 2019 kampuni ya AT&T ya Marekani iliwasha maandishi "5G E" kwenye simu za wateja ambazo bado zilikuwa kwenye 4G iliyoboreshwa. Simu hazikubadilika, mtandao haukubadilika, kilichobadilika ni herufi. Mwaka uliofuata chombo cha kusimamia matangazo huko kiliitaka iache kutumia jina hilo kwenye matangazo, ikakubali.

Na hili la 4G kuzimwa linanikera, maana ni neno la kumtia mtu hofu afungue pochi. Wanaozimwa ni wazee, 2G na 3G. Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022. 4G, iliyoanza kuuzwa Desemba 2009 Stockholm na Oslo, ndiyo bado inabeba sehemu kubwa ya kazi. Zaidi ya hapo, mitandao mingi ya 5G ilijengwa juu ya mgongo wa 4G: simu inaingia kwanza 4G, ndipo inaongezewa kasi ya 5G. Kuizima 4G hapo ni kukata tawi ulilokalia. Kitu kimoja tu uangalie. Siku 2G na 3G zote zikizimwa unakoishi, simu isiyoweza kupiga kwa kupitia 4G itabaki bubu hata kama intaneti inafanya kazi. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu utafute VoLTE, ndilo jina la huko kupiga kwa kupitia 4G. Ikiwepo, iwashe, ulale.

Sasa tuiweke mitandao kando tuitazame simu yako, ambayo nakiri inaumwa. Ila maradhi yake mengi ni ya kutibika.

Betri kwanza. Betri za simu za umri wa yako, nyingi zilitengenezwa zibaki na takriban asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya kuchaji. Wewe unaichaji kila usiku kwa miaka minne, zaidi ya mara 1,400. Hiyo betri imeshastaafu, inakuja kazini kwa mazoea. Na betri iliyochoka huweza kuifanya simu yenyewe iwe nzito. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisizimike ghafla, wakaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri. Walioibadilisha waliona simu zao zimepata uhai. Kabadilishe betri kwa fundi anayeeleweka, kwa betri halisi, si ile ya kuokoteza. Utashangaa.

Nafasi kujaa: video zako za wateja za miaka minne zote zinaishi humo humo. Zihamishie kwenye kompyuta ya mtu, kadi ya kumbukumbu au hifadhi ya mtandaoni, kisha uzifute kwenye simu, na utafute na zile zinazojihifadhi zenyewe kutoka kwenye makundi ya WhatsApp. Simu iliyojaa hadi shingoni huwa nzito kila mahali, hata kufungua kamera. Na ukirekodi, shusha ubora kutoka 1080p hadi 720p. Mzigo utapungua karibu nusu, na mteja anayetazama gauni kwenye stetasi hataona tofauti, kwa sababu WhatsApp yenyewe inazibana video hata ukizipeleka nzima.

Kuhusu wekundu unaoungua. Ile kamera ya megapikseli 200 katika matumizi ya kawaida huunganisha nukta 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.5. Kinachoamua picha zaidi ni ukubwa wa kihisi kilicho nyuma ya lenzi, na mwanga. Wekundu mkali husumbua kamera nyingi, zikiwemo za gharama, hasa chini ya taa za ndani. Futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba (wewe hukosi), mweke mtu karibu na dirisha jua likiwa halimpigi moja kwa moja, gusa gauni kwenye kioo, kisha telezesha kidole kushusha mwanga kidogo kabla hujapiga. Nilimpa dada mmoja muuza vitenge ushauri huo, akarudi akidhani nilimbadilishia kamera.

Usidhani nasema 5G haina mtu wake. Anayeishi pasipo na faiba akaweka ruta ya 5G nyumbani anapata intaneti ya familia nzima bila kuchimbiwa waya, na kwake huo ni ukombozi. Anayefanya kazi uwanjani watu wanapofurika, mwandishi wa habari anayerusha video kutoka mtaani, anayetuma faili kubwa mchana kutwa, hao wanailipia na inawalipa. Wewe siku moja unaweza kuwa mmoja wao, ukianza kurusha mubashara mavazi yako. Hujafika huko.

Kuna jambo moja tu ambalo nasimama upande wa mdogo wako, tena kwa miguu miwili. Fungua mipangilio, nenda sehemu inayohusu simu yenyewe, utafute tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni ya miezi michache iliyopita, sawa. Kama ina zaidi ya mwaka, mtengenezaji huenda ameshakuacha, na matundu yanayogunduliwa kwenye programu hayazibwi tena kwako. Simu hiyo ina pesa zako, namba za wateja wako, na vipimo vya miili ya watu. Hapo hata betri mpya haisaidii, na itabidi uanze kuweka akiba ya simu nyingine baada ya mashine kuanza kuzaa.

Ukifika siku hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani? Google waliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung wakafuata kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unawalazimisha wanaouza simu mpya huko watoe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa. Simu za bei ndogo mara nyingi hupewa muda mfupi zaidi, na muuzaji asiyejua jibu, au anayerudi kwenye megapikseli ulipomuuliza miaka, mwache na kioo chake. Simu ya juu ya mwaka juzi, ikiwa bado ina miaka minne ya masasisho mbele, mara nyingi itakufaa kuliko ya kawaida iliyotoka wiki hii. Na kufikia hapo 5G itakuwa imo ndani yake tu, hutailipia kama kitu cha pekee. Uliza ina masafa gani, ulinganishe na yanayotumiwa na kampuni ya laini yako, kwa sababu simu iliyotengenezwa kwa soko jingine inaweza kuandikwa 5G kwa nje na isiione kabisa ulipo.

Ule mkopo sitaki hata kuujadili sana. Simu unayoweza kufungiwa kwa mbali haiwezi kuwa duka lako. Mwezi mmoja wateja wakipungua unafungiwa simu, na ukifungiwa simu wateja wanapungua zaidi. Ovaloki ukiinunua leo, kesho unaacha kumlipa mwenzako kila nguo, na akina mama wengine wasio nayo wataanza kukuletea zao.

Mdogo wako mpigie wewe. Mwambie Mjomba amekiri simu yake ni nzuri, na umwombe aje jioni moja apime kasi ya kupakia akiwa chumba cha kazi, mumeo akiwepo. Namba zitawapatanisha kuliko maneno.

Na ile ya kuificha simu chini ya kitambaa, nimeisoma mara mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kununua simu ya fahari nikiwa fundi, nikaiweka juu ya meza ili wateja waione. Walikuwa wakiniuliza bei yake badala ya kuniachia kazi. Badilisha kioo siku unayobadilisha betri, fundi akiwa ameshaifungua tayari, uivishe kava ulilolishona mwenyewe kwa kipande cha kitambaa kizuri. Atakayeuliza ni mteja.

Nimebakiza waya wa chaji, unaoupinda na kuuegemeza. Usibadilishe waya wala tundu la chaji kabla ya kufanya hili. Simu inayoishi kwenye chumba cha kushonea hujaa nyuzi na vumbi la pamba kwenye lile tundu, waya unazisukuma ndani kila siku mpaka zinakuwa godoro, na kichwa cha waya hakifiki mwisho. Wamekuja kwangu wengi wakiwa tayari kulipia tundu jipya, nikawatolea pamba. Zima simu kabisa, chukua kijiti chembamba cha mbao, uchokoe polepole kwenye kuta za tundu ukiwa kwenye mwanga mzuri. Najua mkono wako utakwenda kwenye sindano. Sindano iache palepale.

Mjomba